Bomba Moja kwa Kilima Kizima

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya kibanda cha kinyozi, mahali barabara inapoanza kupanda. Mimi ndiye mwenye birika na vikombe. Ukikaa pale, mbele yako unaona Kilima Kipya, na tunakiita kipya kwa sababu wote tumekizidi umri. Zamani palikuwa na shimo la mgodi. Kampuni ikachimba mpaka ikatosheka, kisha ikarudisha kifusi shimoni, kilichozidi ikakilundika juu, ikakisawazisha kwa mitambo, ikapanda nyasi, ikakata utepe, ikaaga. Nyuma yako kuna barabara iliyoinuliwa kama tuta, na chini ya tuta hilo limepita bomba la zege, kalvati, la kuvusha maji ya mvua kwenda upande wa pili. Nyumba zetu ziko katikati, kilima mbele, barabara nyuma, kama karanga ndani ya ganda. Juzi mchana mvua ilinyesha. Jana tulizika. Leo asubuhi watu wakaja kijiweni mapema kuliko kawaida, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ameamkaje.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Greda, aliyeendesha greda mgodini mpaka siku ulipofungwa, akabaki na jina na maumivu ya kiuno. Akafuata Wakili. Huyu sheria hakuisoma. Alikuwa bawabu wa mahakama, na yale aliyoyasikia akiwa mlangoni ndiyo anayotuhukumia mpaka leo, pamoja na methali ambazo sijui alizisikia kwenye mlango gani. Redio hakuhitaji kufika, kibanda cha kinyozi ni chake. Mashine yake ya kunyolea huzimwa, mdomo hauzimwi. Wa mwisho akaja shemeji yangu, fundi seremala, mume wa dada yangu. Akakaa pembeni kabisa mwa benchi, viatu vimeganda tope. Aliyezikwa jana ni mama yake.

Nikampa kikombe. Akakipokea, asinywe.

— Lile bomba limezibwa — Redio akaanza. — Sikusema limeziba. Limezibwa. Sikilizeni Kiswahili hicho.

— Limezibwa na nani? — Mzee Greda akauliza.

— Na waliolijenga. Nani mwingine ana shida na bomba?

— Redio, mimi nilikuwepo siku linalazwa. Ardhi ya kifusi ni kama mtu aliyeamshwa ghafla, lazima umpe muda atulie. Wao wakalaza bomba ardhi bado inahema. Sasa limebonyea katikati, limekaa tumbo. Tope likiingia tumboni halitoki.

— Kwa hiyo bomba lina mimba?

— Cheka. Mvua ijayo litakuzalia mlangoni kwako.

— Jamani — Wakili akaingia — haba na haba hujaza kibaba.

— Haba gani, Wakili? — Redio akamgeukia. — Maji yamekuja mara moja tu, yakafika madirishani!

— Ndiyo kibaba chenyewe hicho. Na kisheria, maji yakiingia nyumbani kwa mtu bila hodi, hiyo ni jinai. Yanashtakiwa.

— Yatafungwa pingu wapi?

— Hufungwi wewe, atafungwa mwenye maji!

Nilipita na birika. Chini ya benchi, kuelekea nyumbani kwetu, maji yalikuwa bado yamesimama, mekundu, mazito, yamejaa kutoka mguu wa kilima mpaka ubavu wa barabara. Kuta zilizobaki zilionekana nusunusu. Watoto wamelala kwa ndugu, magodoro yameanikwa juu ya mabati, na mtu akitaka kufika mlangoni kwake anakwenda maji yakiwa kiunoni.

— Nyie mnaongea juujuu — Redio akasema, na sauti akaishusha, jambo ambalo hulifanya akikaribia kudanganya. — Kuna mteja wangu mmoja alinyoa hapa, akaniambia. Mle ndani ya kalvati kuna mlango wa chuma. Wanaufunga wakiwa huko huko kwao, wanabonyeza simu tu. Kwa nini? Kwa sababu kilima kile bado kina dhahabu. Mvua inakisuuza, maji yanasimama kwetu, dhahabu inatulia chini. Sisi tukichoka tukahama, wao wanarudi kuchota kwa vijiko.

— Kama kuna dhahabu mimi ningejua — Mzee Greda akasema. — Kifusi kile nimekisukuma mwenyewe. Hakina kitu. Tatizo ni jingine. Kilima kile hakitaki kukaa pale. Ardhi uliyoitoa chini ukaiweka juu haina raha. Kila mvua inashuka kidogo, inatafuta kwao. Na kwao ni shimoni. Sisi tumejenga njiani.

— Sasa kilima kina kwao?

— Kila kitu kina kwao.

— Basi mimi namwonea huruma — Wakili akasema. — Mwacha asili ni mtumwa.

— Umwonee huruma kilima?

— Sheria ni msumeno.

Redio akapiga paja kwa hasira. Akasimama, akanyoosha mkono kuelekea maji.

— Huruma! Hukuona vitu juzi? Makabati, madumu, milango, meza za watu, vyote vinaelea vinagongana kama vimelewa!

— Ndiyo wahenga walisema — Wakili akajibu bila kufikiri — ukiona vyaelea, vimeundwa.

Vichwa vyote vikamgeukia shemeji yangu. Wakili mwenyewe akaweka mkono mdomoni, lakini neno likishatoka halina mkia wa kulishika.

Kwa asiyejua, nitaeleza. Mvua ilipoanza, shemeji alikuwa amekwenda kupeleka meza kwa mteja. Nyumbani walikuwa dada yangu na watoto, na Bi Mkubwa, mama yake shemeji, chumbani kwake. Miguu ya Bi Mkubwa ilikuwa imemgomea tangu mwaka jana, kwa hiyo mwanawe alimtengenezea kitanda kirefu, kipana, asipate taabu ya kuinuka. Maji ya juzi hayakuja kama mvua. Yalishuka kilimani kama ukuta mwekundu, yakafika kwenye tuta la barabara, yakakosa pa kutokea, yakaanza kupanda. Dada yangu akawatoa watoto, akawapandisha juu ya ukuta wa jirani, akarudi kwa mama mkwe wake. Kitanda kilikuwa kimeshaelea. Maji yalikisukuma mpaka mlangoni kikauegemea, na mlango ule unafunguka kwa ndani. Dada yangu akasukuma. Kutoka ndani Bi Mkubwa akamwambia, "Mwanangu, nenda kwa watoto. Nimesema nenda." Akasukuma tena, na tena, mpaka maji yakamfika kidevuni na majirani wakamvuta nje kwa nguvu, huku akiwang'ata.

— Kitanda kile nilikiunda mimi — shemeji akasema. Hakupaza sauti.

— Fundi, ulimi umeteleza tu, sikuwa na maana...

— Nilikipiga msasa mpaka vidole vikachubuka, asije akachomwa na kibanzi. Nikatafuta mbao nyepesi. Nikasema mke wangu aweze kukisogeza akifagia. Nyepesi, Wakili! Kingekuwa kizito kingebaki mahali pake. Umesema kweli, vyaelea vimeundwa. Sasa niambie. — Akakinyooshea kidole Kilima Kipya. — Na kile, nani amekiunda?

Akakitupa kikombe changu, kikapasukia kwenye mawe. Sikuviokota vipande.

Ndipo injinia akatokea.

Ni msichana wa halmashauri, tulimfahamu kwa sura. Kiangazi kilichopita alikuwa akipanda na kushuka kilimani na fimbo yake ya kupimia, na Redio alikuwa akimpigia miluzi. Leo amevaa buti za mpira, suruali imelowa mpaka mapajani, inaonekana alitangulia majini kabla ya kuja kwetu.

— Shikamooni wazee. Poleni sana na msiba.

— Pole yako irudishe mfukoni — Redio akamwambia. — Mlikuwa wapi?

— Nilikuwa kwenye bomba. Nimekiona kilicholiziba.

— Mlango wa chuma.

— Mlango gani?

Redio akatazama pembeni.

— Ni nyavu — injinia akasema. — Zile nyavu za kamba walizotandaza kilimani kushikilia mbegu za nyasi. Nyasi hazikuota, nyavu zikabaki hazina kazi. Maji yamezing'oa, zimeshuka zimejiviringisha na tope na matawi, zimekaa mdomoni mwa bomba kama kizibo cha chupa.

— Nyasi zilipandwa kiangazi kinaingia! — Mzee Greda akadakia. — Zingeota vipi? Kwa kuombewa?

— Hata bila nyavu, mzee, bomba lisingetosha. Kilima kile kimeshindiliwa na mitambo, juu kimekuwa kigumu kama bati. Bati halinywi maji. Kila tone linaloanguka kule linateremka kwenu, tena linateremka mbio na udongo mgongoni. Aliyechagua bomba alichukulia kwamba kuna majani na vichaka vya kuyashika maji njiani. Amelipimia kilima cha kwenye picha.

— Bomba moja kwa kilima kizima — nikasema.

— Ndiyo.

— Sasa ulitakiwa uweje, huo ujenzi? — Mzee Greda akamuuliza, na sasa alikuwa amesogea mbele ya benchi.

— Kule juu, mitaro ya kukingama, maji yasishuke kwa mstari mmoja. Pale chini ya kilima, bwawa la kutulizia tope, maji yapumzike, yaache uchafu wake pale. Halafu hapa barabarani, kalvati pana la mraba, mtu aweze kupita ndani ameinama, na chuma cha kuzuia takataka mbele yake. Si ajabu. Si uchawi. Kila mahali wanajenga. Nimeyasema ofisini mpaka wakinisikia kwenye korido wanafunga milango.

— Wanasemaje?

Injinia akavuta pumzi.

— Kampuni inasema ilishakabidhi ardhi. Ofisi inasema haijaipokea, kwa sababu sharti la kupokea lilikuwa nyasi ziote.

— Kwa hiyo kilima ni cha nani?

Akatazama buti zake.

— Kwa sasa si cha mtu.

Sijui nieleze vipi kilichotokea hapo. Watu wote walisimama kwa pamoja, benchi likaanguka. Redio alitukana matusi ambayo hata mimi mwuza kahawa nilikuwa sijayasikia. Wakili alipiga kelele kwamba kitu kisicho na mwenyewe ni mali ya wa kwanza kukishika, kwa hiyo twende tukakishike, tukifika huko tutajua la kufanya. Mzee Greda alikuwa akirudia neno moja tu, "Utepe! Walikata utepe! Nilipiga makofi!" Shemeji yangu peke yake hakupiga kelele. Alimwendea yule binti mpaka wakawa uso kwa uso.

— Mama yangu ameuawa na kilima kisicho cha mtu?

— Kaka...

— Usiniite kaka. Nijibu.

— Sina jibu — injinia akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa. — Nina miguu tu. Naenda kutafuta katapila ya kuvuta zile nyavu. Nikiipata nitarudi nayo. Nisipoipata nitarudi hivi hivi.

Akageuka akaondoka, akikanyaga ukingo wa maji, huku Redio akimzomea mpaka alipopinda kona. Nilimwangalia Redio na nilitaka kumwambia anyamaze. Tulikuwa tukimtukana aliyekuja, kwa kuwa wasiokuja hawakuwa karibu. Lakini sikusema, kwa sababu hata mimi nilikuwa na hamu ya kumtukana mtu.

Nyuma ya kilima mbingu ilikuwa imeanza kuiva. Wingu zito, la rangi ya chungu kilichoungua.

— Tunangoja katapila? — shemeji akauliza. — Hili likidondoka tena, maji yatafika kwenye paa. Tutakaa hapa tunakunywa kahawa?

— Barabara ile si lami — Mzee Greda akasema polepole. — Ni udongo juu yake changarawe. Tukiikata pale katikati, maji yanatoka yenyewe. Tena hatuhitaji kuimaliza. Maji yakishapata ufa, yanamalizia.

— Kukata barabara ya umma... — Wakili akaanza.

— Kisheria nini?

Wakili akatutazama mmoja mmoja. Akatazama maji.

— Kisheria, usipojenga ukuta utaziba ufa.

— Hiyo umeigeuza — nikamwambia.

— Kwani kuna kisichogeuka siku hizi?

Nikalifunika birika, nikaviacha vikombe juu ya meza, nikaenda nao. Tulikusanya sururu, majembe, na machepe yaliyosalia. Majirani walipotuona tunapita hawakuuliza tunakwenda wapi, walichukua walichonacho wakatufuata. Mzee Greda akatupanga. Tuanzie upande wa pili, akasema, upande wa mteremko, turudi nyuma kuelekea kwenye maji, ili yakitoka yasimkute mtu ndani ya mtaro. Alikuwa na furaha ya ajabu usoni, furaha ya mtu aliyepewa tena kazi yake.

Hasira ni kibarua mzuri. Haiombi chai, haiulizi saa. Shemeji yangu alikuwa mbele, anapiga sururu kama anayempiga mtu anayemjua. Kila pigo alilitolea neno: utepe! nyasi! picha! Nyuma yake mimi na Redio tunazoa udongo na kuutupa pembeni. Changarawe ilitoka, ukaja udongo mwekundu, mgumu, uleule wa kilimani, maana na barabara yenyewe waliijenga kwa kifusi. Mikono ikatoka malengelenge. Hakuna aliyelalamika. Naweza kusema, Mungu anisamehe, kwamba tangu juzi hayo yalikuwa masaa ya kwanza niliyojisikia vizuri.

Mtaro ulikuwa umetufika magotini pale mwanamke mmoja alipopanda kutoka chini.

Ng'ambo ya barabara, mteremkoni, kuna mtaa mwingine. Tunayaona mabati yake kila siku. Tunawaita watu wa chini, wao wanatuita watu wa juu, tunakutana sokoni na kwenye misiba, basi. Mwanamke huyu alikuwa wa makamo, kitambaa kichwani, nguo imelowana tope mpaka kifuani. Alipanda taratibu kama aliyechoka tangu zamani.

— Hamjambo humu.

— Hatujambo, mama, shikamoo — nikamjibu.

— Marahaba. Nimekuja kuazima chepe. Ya kwetu yamekwenda na maji.

— Kwani na kwenu yalifika? — Redio akauliza.

Mwanamke akamtazama kama anayemtazama mtoto.

— Yalipojaa kwenu yalipita juu ya barabara hii. Yakatuangukia. Kuna nyumba moja tope limefika dirishani, mwenyewe ni mzee anaishi peke yake, halafu masikio yake hayasikii. Tumeita, tumegonga. Tangu juzi tunachimba kwa masufuria.

Sururu ya shemeji ilibaki juu. Aliishusha polepole. Akachukua chepe mikononi mwangu, akapanda ukingo, akampa mwanamke kwa mikono miwili.

— Ahsante, baba. Nimesikia na nyie mmefiwa. Poleni.

— Tumeshapoa — shemeji akajibu.

Mwanamke akaweka chepe begani, akageuka kuondoka. Kisha akasimama. Aliutazama mtaro wetu, akaufuata kwa macho kutoka tulipokuwa tumesimama mpaka unapoelekea, mpaka yalipo mabati ya kwao.

— Huu mnauleta kwetu?

Sote tukautazama mtaro.

— Sikuja kugombana — akasema. — Hata ningekuwa mimi huku juu, ningechimba. Mvua ile pale naiona, na nyie mnaiona. Nauliza tu nikawaambie wenzangu, nao wajiandae. Nyie mkituletea sisi, sisi tumpelekee nani?

Nilimtazama Wakili. Alifungua mdomo, nikajua kuna methali inakuja, lakini haikuja. Redio alikuwa akikwangua tope kwenye kucha zake. Mzee Greda alikuwa amegeuka kutazama kilima, na furaha yote imemtoka usoni, amebaki mzee tu mwenye maumivu ya kiuno. Chini ya mabati yale kulikuwa na shule ya watoto wadogo. Ukuta wake tuliuona kutoka pale tuliposimama. Tangu tulipoanza kuchimba tulikuwa tukiuona.

Mwanamke alingoja. Hakuwa na dharau, alikuwa anangoja jibu kweli.

Shemeji yangu akapiga magoti. Nilidhani ameishiwa nguvu. Kumbe alikuwa akivuta udongo tulioutoa, anaurudisha mtaroni kwa mikono, kwa kuwa chepe alishaligawa. Anavuta na kulia. Toka juzi hakuwa amelia, hata makaburini hakulia. Sasa kilio kilimtoka kwa sauti, kibaya, kilio cha mtu anayetapika, na mikono yake haikusimama.

— Mawe kwanza — Mzee Greda akasema. — Mawe chini, udongo juu. Halafu tushindilie kwa miguu.

Tukarudisha wote. Kurudisha kulikuwa kugumu kuliko kuchimba, maana hasira ilikuwa haina tena pa kupigia. Tulipomaliza, shemeji alijipangusa uso kwa mkono wa tope, akamwambia yule mwanamke:

— Mama, tangulia. Tunakuja na vyombo vyote.

Nyumba ile tuliifikia kabla ya mvua. Tulichimba pamoja, watu wa juu na watu wa chini, mpaka tukaupata mdomo wa dirisha, shemeji akakata fremu kwa msumeno wake, akaingia kichwa mbele. Tukamsikia anasogeza vitu. Kisha akaita, na alivyoita tukajua. Yule mzee alikuwa juu ya meza, amejikunja pembeni mwa ukuta, midomo imepasuka kwa kiu, lakini jicho linacheza. Tulimtoa kama mtu anavyotoa kioo. Alipokunywa maji, akatutazama nyuso zote zile asizozijua, akasema kwa sauti ya kukwaruza:

— Mmechelewa.

Wakili akamshika mkono, akasema, ndiyo, mzee, tumechelewa. Hakuongeza methali.

Matone ya kwanza yalianguka tukiwa tunapanda kurudi, na safari hii hatukuwa peke yetu. Mzee Greda alisema kama ni nyavu, basi zivutwe. Kilichoingia kwa kuvutwa na maji kitatoka kwa kuvutwa na watu. Tukazunguka kwenye mdomo wa bomba, maji yakiwa kifuani. Shemeji na Redio walizama wakazikata nyavu kwa msumeno na wembe wa kinyozi, wakafunga kamba, na sisi tukavuta. Zilikuwa nzito kama ng'ombe aliyekufa. Tukavuta, zikakatika, tukafunga upya. Upande wa pili, watu wa chini walikuwa wametandika mawe na magunia ya tope pembeni ya mkondo, maji yakitoka yafuate mtaro wa zamani wala yasiingie kwa mtu. Waliotushauri hivyo ni wao wenyewe. Sisi hata tulikuwa hatujui kwamba mtaro wa zamani upo.

Tulikuwa tunavuta mvua ikitupiga usoni pale injinia aliporudi. Alirudi hivi hivi, bila katapila. Alisimama ukingoni akatutazama. Hakuna aliyemzomea. Alivua koti lake, akaliweka juu ya jiwe, akaingia majini, na shemeji yangu akasogea kidogo kumpisha kwenye kamba.

Hatukuvuta sana baada ya hapo. Nyavu zilijinasua mara moja, tukaanguka wote kinyumenyume, na bomba likakohoa, likakohoa tena, kisha likaanza kunguruma. Maji yalianza kuzunguka pale mdomoni kama yanayotafuta kitu. Yalishuka polepole, mno, kwa sababu bomba ni moja na ni dogo. Lakini yalishuka. Kuta za nyumba zetu zilianza kurefuka.

Tulikaa juu ya barabara tumelowa, tunahema, hakuna anayejua nani ni wa juu na nani ni wa chini kwa jinsi tope lilivyotupaka wote rangi moja. Lile fungu la nyavu lilikuwa katikati yetu, linavuja maji.

— Kesho utatupeleka ofisini kwenu — shemeji akamwambia injinia. — Na hizi nyavu tunakuja nazo. Sisi na wao.

— Wote hawa?

— Wote. Na yule mzee tutambeba.

Injinia akatutazama, akatazama waliokuwa wakiendelea kupanda kutoka mteremkoni.

— Ofisi yenyewe ni ndogo — akasema. — Hamtaenea.

— Basi — shemeji akamjibu — watatoka wao.